Mboga ya pwani ile ya nyuma ya mikoko: lishe yake, chumvi yake na namna ya kuipika (uzi mrefu)

#1 Mtu wa Sahare (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba msiuhamishie jukwaa la mapishi, maana nusu ya uzi huu ni afya.

Kuna sauti inazunguka WhatsApp huku Tanga. Bwana mmoja anasema ile mboga nene inayoota kwenye jangwa la chumvi, nyuma ya mikoko, inashusha presha, na mwenye kuila hana haja tena ya vidonge. Jirani yangu kashaanza kuichuma kwa viroba. Mboga yenyewe sina ugomvi nayo, naila na naipenda. Ugomvi wangu ni na hiyo sauti. Jani ukilitafuna bichi ulimi wote unajaa chumvi, halafu mgonjwa wa presha anaambiwa ajaze sahani!

Tuanze kwa kuijua. Ukitokea nchi kavu pale Sahare, Mwarongo au kule Tongoni na Kigombe, kabla hujaingia kwenye michu na mikandaa (aina za mikoko) unapita tambarare nyeupe ambako bahari hufika kwenye bamvua tu, yaani siku za maji makubwa. Maji yakirudi, jua linakausha na chumvi inabaki juu ya udongo. Mimea mingi hapo inakufa. Inayostahimili ni michache, na miwili ndiyo ya kuliwa ninayoizungumzia.

Mmoja ni Sesuvium portulacastrum. Unatambaa, shina lina wekundu na linatoa mizizi kwenye kila kifundo kinachogusa udongo, majani ni manene na ukilibana moja linatoa maji, maua ni madogo ya waridi yenye umbo la nyota. Huu ndio ulio mwingi kwetu. Mwingine ni wa jamii ya Salicornia. Pwani ya Afrika Mashariki ipo Salicornia pachystachya. Huu majani huyaoni kabisa, ni vijiti vya kijani vyenye pingili pingili zilizojaa maji, vinasimama wima, na ukizeeka unageuka mwekundu na kujaa ukuni katikati.

Kwa wanaodhani ni chakula cha mbuzi tu: Uingereza na Ufaransa Salicornia inauzwa sokoni, wanaichemsha dakika chache wanakula na samaki. Uholanzi wanailima. Korea Kusini wanaikausha, wanaisaga na kuiuza kama chumvi ya mmea. Ufilipino wanaitia achari hii Sesuvium, na India kusini inapikwa kama mboga nyingine yoyote.

Sasa chumvi inaingiaje humo ndani? Waliokulia pwani wanajua kulamba jani la mchu asubuhi. Mchu unaitoa chumvi nje kupitia majani, ndizo zile chembe unazokuta. Hii mboga haifanyi hivyo. Chumvi ya udongoni inaivuta, inaifungia ndani ya seli zake, kisha inavuta maji mengi ya kuizimua, na huo ndio unene wa jani. Kwa hiyo ukali wa mboga unafuata ukali wa udongo. Jani la Januari, kaskazi inavuma na jangwa limekauka, halilingani na jani la Juni ambalo masika yamekwisha kuusuuza udongo wake.

Hesabu yenyewe ni hii, na naomba mwenye mgonjwa nyumbani aisome polepole. Salicornia mbichi huwa na sodiamu takriban gramu 1 kwa kila gramu 100, ikipungua au kuzidi kulingana na mahali. Sodiamu ukiizidisha kwa 2.5 unapata chumvi. Kwa hiyo gramu 100 za mboga zinakupa chumvi gramu 2.5. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Sahani ndogo ya mboga mbichi imekwisha kula nusu ya kiwango chako na bado hujala mkate wa asubuhi, samaki wa mchana wala maharage ya jioni.

Sifa zake nzuri zipo na ni za kweli. Maji ni karibu asilimia 90, kalori ni chache, ina nyuzinyuzi, potasiamu, magnesiamu, kalsiamu, vitamini C na ile rangi inayogeuka vitamini A mwilini. Protini kwenye majani ni kidogo, msidanganywe. Wanaosema ina protini nyingi na mafuta wameisoma habari ya mbegu za Salicornia bigelovii ya Marekani na Meksiko: mbegu zile mafuta yake yanafika asilimia 26 hadi 33 na protini karibu 31. Huku kwetu hakuna anayekula mbegu.

Msimamo wangu: mboga hii iingie chunguni mahali pa chumvi. Ukitaka kuila kama mboga kamili, uichemshe na maji uyamwage. Naomba kuwasilisha, wapishi na wataalamu waje.

#2 Nyavu Kuukuu

Uzi bila picha, mkuu? Nimeweka kigoda hapa nawasubiri wapishi.

#3 Jangwani Kavu

Yaani mzungu akila ndiyo inakuwa chakula. Sisi tumewaachia mbuzi miaka yote hiyo na hakuna aliyekufa kwa kuikosa. Mchicha umekwisha sokoni Mgandini?

#4 Bi Kasimile

Jangwani Kavu, hao mbuzi unawala lakini? Basi umeila siku nyingi, tofauti ni kwamba mbuzi alitangulia kutafuna.

Mwanangu Mtu wa Sahare, umesema vizuri ila watu umewaacha na njaa. Mimi nimeolewa Kigombe, na mboga hii nimeipokea kwa mama mkwe. Nawaambia inavyopikwa.

Kuchuma kwanza. Chukua ncha changa peke yake, urefu wa kidole basi. Ukikunja ikavunjika kwa mlio, hiyo ni nzuri. Ikipinda isivunjike ina kamba ndani, iache iendelee kutambaa. Ile ya vijiti, yenye pingili, ikishaanza wekundu sahau, utakuwa unanyonya ukuni.

Kuosha ni maji matatu, tena kwenye beseni kubwa, maana mchanga unajificha kwenye vifundo. Osha kabla hujaikata. Ukikata kwanza mchanga unaingia ndani.

Halafu sufuria kubwa yenye maji mengi, yachemke kwanza, usitie chumvi. Wenye haraka wanatia maji kikombe kimoja, mboga inajichemsha kwa chumvi yake yenyewe halafu wanalalamika haifai. Maji yawe mengi! Ile ya kutambaa iache kama dakika tano, mwaga, tia maji mengine ya moto, chemsha tena kidogo, mwaga, kisha ikamue kwa mkono namna unavyokamua mchunga. Ile ya pingili ni laini, dakika mbili tatu zinatosha, ukizidisha inakuwa uji. Onja hapohapo. Ikiwa bado kali, maji ya tatu. Maji yale msiyafanye supu.

Na wale wa magadi, tafadhali. Mboga hii inalainika yenyewe, na magadi nayo ni sodiamu hiyohiyo mnayoikimbia.

Kuunga: kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, nyanya mbili, thomu, bizari kwa ncha ya kijiko, pilipili mbichi moja nzima isipasuke. Tia tui bubu (lile jepesi la pili), koroga mpaka lichemke lisije likakatika. Tia kamba wabichi waliomenywa. Wakigeuka rangi tia mboga yako iliyokamuliwa na kukatwakatwa, halafu kasimile (tui zito la kwanza), moto mdogo, usifunike. Epua, kamulia ndimu. Chumvi hujatia mpaka sasa, na ukionja utaona huihitaji.

Kosa ninaloliona kwa vijana ni kuipika na ng'onda au papa wa chumvi. Hapo umepika bahari nzima. Ukimtamani papa mkavu, mloweke usiku kucha, umwage maji, na mboga iwe kidogo. Chakula chake cha kulia ni bada, ugali wa muhogo, kwa sababu haina chumvi. Ukiipeleka kwa wali wa nazi, basi wali upikwe bila chumvi, nao watu wa Tanga wengi hawataki kusikia hilo.

#5 Nyavu Kuukuu

Bi Kasimile shikamoo. Nimesoma hapo kwenye kasimile nikaenda kuiangalia mbuzi ya nazi jikoni.

#6 Mzani wa Lishe

Nimesoma lishe, nafanya kazi hukuhuku mkoani. Mleta uzi yuko sawa kwenye hesabu, naongeza mambo ambayo hayakuguswa.

Salicornia ni ukoo mmoja na mchicha, spinachi na bitiruti. Ukoo huo una oksalati. Sesuvium ni wa ukoo mwingine, lakini nao mnaupika kwa namna ileile na tahadhari ni ileile. Oksalati inashikana na kalsiamu tumboni, kwa hiyo ile kalsiamu iliyoandikwa kwenye makaratasi si yote inayoingia mwilini, na mwenye historia ya mawe kwenye figo aiogope. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya oksalati ya kwenye mboga za majani inayeyuka kwenye maji. Kuchemsha na kumwaga kunaondoa kuanzia theluthi hadi zaidi ya robo tatu ya hiyo inayoyeyuka, kutegemea mboga na muda. Maji anayoyamwaga Bi Kasimile yanaondoka na chumvi na oksalati kwa pamoja.

Yanaondoka pia na vitamini C, na potasiamu kiasi. Hakuna namna ya kuchemsha chumvi itoke halafu umwambie potasiamu abaki. Ndiyo maana ile ndimu ya mwisho, baada ya kuepua, ina kazi kubwa kuliko ladha: vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye majani, ambayo kwa kawaida huingia kwa shida. Chai ya rangi juu ya mlo huo inaharibu kazi hiyo, isogezeni mbele saa moja hivi. Tui nalo si anasa. Rangi inayogeuka vitamini A inahitaji mafuta ili iingie mwilini, na majani yaliyochemshwa yakaliwa makavu yanatoka nayo tena.

Sasa presha. Wanaosema inashusha wanaitaja potasiamu, na ni kweli mlo wenye potasiamu nyingi unasaidia presha. Lakini kwenye mboga hii potasiamu inakuja na mzigo wa sodiamu unaoizidi mara nyingi. Ukitaka potasiamu kula ndizi, maharage, viazi vitamu, tembele, maji ya dafu. Na wapo wasiotakiwa kuzidisha hata hiyo potasiamu: wagonjwa wa figo, na baadhi ya wanaotumia dawa za presha zinazoizuia potasiamu isitoke mwilini. Hao wamuulize daktari wao kabla ya kufuata sauti ya mtu wasiyemjua. Na vidonge visiachwe, kwa jani lolote lile.

#7 Kaole Kwetu

Salaam kutoka Bagamoyo. Huku inaota nyingi upande wa Nunge, kwenye matuta ya mashamba ya chumvi, na mlango wa Ruvu pia. Mlingotini akina mama wanalima mwani, na nimesikia watu wakisema mboga hii ni mwani wa nchi kavu, ina madini joto, kwa hiyo goita hakuna. Mzani wa Lishe hapo unasemaje?

#8 Mzani wa Lishe

Kaole Kwetu, umeuliza la maana sana, na hapo ndipo ninapoona hatari ambayo haisemwi.

Mwani unaishi ndani ya maji ya bahari na unakusanya ayodini, yaani hayo madini joto. Mboga hii ni mmea wa nchi kavu uliojifunza kuvumilia chumvi. Kuota karibu na bahari hakuifanyi mwani, usiitegemee kwa madini joto. Hata chumvi ya bahari yenyewe, ikikaushwa tu shambani bila kuongezwa kitu, ayodini yake ni kidogo mno. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 Tanzania imekuwa ikitaka chumvi ya kuliwa iongezwe madini joto.

Sasa fikiria familia inayofuata ile sauti: wanaacha kabisa chumvi ya dukani, wanasaga hii mboga kavu wanatumia kama chumvi. Sodiamu wanaendelea kuipata vizuri, madini joto ndiyo wameyakosa, na humo ndani kuna mama mjamzito ambaye mtoto wake anayahitaji kwa ajili ya ubongo. Samaki wa baharini wanasaidia, lakini si kila nyumba inakula samaki kila siku. Mimi ningependa chumvi ya madini joto ibaki jikoni, kidogo, kwa vyakula vingine, na siku ya mboga hii ndiyo chungu kile kisitiwe chumvi.

#9 Mtu wa Sahare

Kaole Kwetu, kuhusu matuta ya mashamba ya chumvi: udongo wa pale ndio mkali kuliko wote. Itakula maji matatu na bado ikung'ate. Nenda sehemu inayopata mvua na maji ya kijito, utaona tofauti kwenye ulimi.

Na kuna la mahali pa kuchuma ambalo nililiacha kwenye #1 makusudi, nikaona litaurefusha uzi. Sesuvium ina tabia ya kunyonya vilivyomo udongoni, zikiwemo metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu, na inaviweka mwilini mwake. Wataalamu wanaipenda kwa kazi hiyohiyo, kusafisha udongo na maji machafu. Kwa hiyo pale inapoota vizuri kuliko kote, karibu na mfereji wa majitaka, gereji, jalala au panapomwagwa mafuta ya injini, ndipo pasipochumwa. Kuchemsha hakukuhakikishii kuwa risasi imetoka.

Halafu kachumbari. Nimeona video ya mtu anaikatia mbichi na embe. Ni tamu, sikatai. Ila maji ya milango ya mito, pale chumvi na maji baridi vinapokutana, ndiyo makao ya asili ya vijidudu vya kipindupindu, achilia mbali vinavyoshuka na mvua kutoka vyooni. Iliyochumwa jangwani ipite kwenye maji yanayochemka kwanza, hata dakika moja. Baada ya hapo ipoze kwa maji safi, tia kitunguu, nyanya, embe bichi na pilipili. Inabaki na mlio wake.

#10 Shoka la Tatu

Swali la mgeni wa pwani, mimi natoka bara. Naijuaje kwa uhakika? Kuna mti uani kwetu wenye vijiti vya kijani hivyohivyo.

#11 Mtu wa Sahare

Shoka la Tatu, huo wa uani uwezekano mkubwa ni mnyaa, ule wa kutengenezea ua. Usiutie mdomoni! Mnyaa ukivunjwa unatoa utomvu mweupe, unaunguza ngozi na ukiingia machoni ni hospitali. Hii mboga ukiivunja inatoa maji maangavu yenye chumvi. Ukiona utomvu wa maziwa, kwenye mmea wowote wa ufukweni, acha. Hata ule unaotambaa mchangani wenye maua makubwa ya zambarau ya umbo la tarumbeta unatoa maziwa, nao si mboga. Na mahali panasaidia: mnyaa hauoti kwenye jangwa linalofunikwa na bamvua. Mara ya kwanza nenda na mwenyeji.

#12 NusuKilo

Wakuu mnaongea lishe, mimi naona hela. Kama Ulaya inaliwa mahotelini, kwa nini tusiwauzie hoteli za Bagamoyo na Pangani? Nani anajua soko? Mtaji ni kisu na kiroba.

#13 Kaole Kwetu

NusuKilo umeanza. Hoteli mpishi akiipenda ataitaka kila wiki, ileile, changa, safi. Ukichuma asubuhi ikapigwa jua kwenye bodaboda mpaka mchana imelegea. Inataka kitambaa kibichi na kivuli, na iuzwe siku hiyo au kesho yake.

Pili, mikoko ni hifadhi ya misitu. Ukiingia na viroba kwa biashara, zungumza kwanza na serikali ya kijiji na watu wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Kuchuma mkono mmoja wa chakula cha jioni na kuvuna kwa tani ni vitu viwili. Hata Uingereza sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na hii ya pingili mtu hukata ncha kwa mkasi, mizizi inabaki.

Tatu, ile ya kutambaa ina kazi pale. Inashika udongo, na mbegu za michu zinazoletwa na maji zinanasa humo na kuota. Ukiikwangua yote umeua na mikoko ya kesho, na kamba wa Bi Kasimile wanakulia kwenye mikoko.

#14 Jangwani Kavu

Nimesoma mpaka hapa kimyakimya. Swali langu ni moja: kama inabidi ichemshwe mara mbili, imwagwe, ikamuliwe, itiwe nazi na kamba, si hata nyasi zitakuwa tamu?

#15 Bi Kasimile

Mwanangu, na kisamvu je? Unakitwanga, unakichemsha kutwa, unakitia nazi na karanga. Hujawahi kuuliza hilo kwa sababu ulikikuta nyumbani kwenu.

Ila umenikumbusha. Siku nyingi mimi siipiki peke yake. Nachukua mchicha au tembele mafungu mawili, na hii konzi moja tu, mbichi iliyooshwa na kukatwa ndogondogo. Mchicha ukishalegea naitumbukiza hii, dakika tano za mwisho, sitii chumvi. Chumvi yake inaenea chungu chote. Kwenye kunde za nazi inakaa vizuri zaidi, maana kunde ni nzito zinapenda kitu cha kuzizindua. Hapo hujamwaga kitu.

#16 Mtu wa Sahare

Bi Kasimile hapo umepigilia msumari. Hilo la konzi kwenye mchicha ndilo nililokuwa nalisema kwenye #1 kwa maneno mengi.

#17 Mzani wa Lishe

Naunga mkono, na sharti langu moja: kama mboga ni ya pale udongo mkali, konzi iwe nusu konzi, na mwenye presha apimiwe sehemu yake kabla ya kutiwa. Sahani ya familia nzima ikitiwa konzi moja, chumvi inagawanyika. Mtu mmoja akila chungu kizima, turudi kwenye ile hesabu.

#18 Shoka la Tatu

Kwa sisi wa mbali na bahari haiwezekani kabisa?

#19 Kaole Kwetu

Inawezekana, tena nadhani ndiyo njia bora kuliko zote. Ile ya kutambaa inashika kwa kipande. Kata shina lenye vifundo vitatu vinne, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye ndoo iliyotobolewa au karai lenye mchanga uliochanganywa na samadi kidogo. Jua lote, maji ya kawaida ya bomba. Haihitaji maji ya bahari ili iishi. Jirani zangu wanayo barazani kama ua.

Na kwa kuwa chumvi yake inafuata udongo, ukiinywesha maji baridi majani mapya yanakuja na chumvi kidogo zaidi kuliko ya jangwani. Udongo umeuchagua wewe, kwa hiyo risasi na majitaka huna wasiwasi nayo. Ukuaji unaweza kupungua kidogo, maana mmea wenyewe unapenda chumvi kiasi. Ile ya pingili sikushauri, inataka mbegu na udongo wa chumvi, utahangaika.

NusuKilo, biashara yako ndiyo hii hapa. Karai kumi nyuma ya nyumba, mpishi wa hoteli anapata changa kila wiki na hakuna anayekufukuza.

#20 NusuKilo

Nimeinakili. Nani yuko Tanga mjini anigawie vipande?

#21 Mtu wa Sahare

NusuKilo njoo Sahare wiki hii ya maji mafu, bahari haijai sana, jangwa linakuwa kavu na tunapita bila kuzama. Njoo na gazeti bichi la kufungia. Tutakata kwenye ile iliyo karibu na kijito, tusiguse ya mbele ya michu michanga.

#22 Nyavu Kuukuu

Bi Kasimile, kabla uzi haujalala: kamba nusu kilo, watu wanne, mboga kiasi gani na nazi ngapi?

#23 Bi Kasimile

Kamba nusu kilo, nazi moja kubwa au mbili za wastani. Mboga mbichi ijaze bakuli la kati, maana ikichemshwa na kukamuliwa inabaki chini ya nusu. Nyanya mbili, kitunguu kimoja, ndimu moja. Ile achari nayo, kwa wanaouliza inbox: ichemshe mara mbili, ikauke kivulini mpaka isiwe na tone la maji, iweke kwenye chupa safi iliyopitishwa maji ya moto, thomu na pilipili kichaa, mimina siki mpaka izame yote, weka kwenye friji. Chumvi usitie. Ukiwa na samaki wa kuchoma Ijumaa, tia kijiko pembeni.